Edgar Sengier na mawe mazito ya Shinkolobwe

Kwa miaka mingi sasa wanafunzi wa Kidato cha Nne wamefundishwa kutofautisha njia mbili za kupata nishati kutoka katika kiini cha atomu, yaani mpasuko na muungano. Jibu lenyewe huandikwa kwa mistari miwili. Katika mpasuko, kiini kizito hugawanyika kikawa viini viwili vilivyo vyepesi zaidi. Katika muungano, viini viwili vyepesi hukutana vikawa kimoja kilicho kizito zaidi. Na kwa njia zote mbili nishati nyingi hutoka. Mwalimu hutia alama ya vema, mwanafunzi hufunga daftari, na jambo likahesabiwa kuwa limekwisha.

Kwa maoni yangu halijakwisha. Mpasuko wa atomu si habari ya maabara za Ulaya pekee. Ulihitaji mawe, na mawe hayo yalichimbwa na watu waliokuwa na lugha, wake, watoto na njaa. Sehemu kubwa ya mawe yaliyoibadilisha dunia mwaka 1945 ilitoka katika ardhi ambayo wenyeji wake, kama sisi wa Kibarani na wa Mji wa Kale, huamkiana kwa Kiswahili. Na mtu aliyeishika funguo ya ghala la mawe hayo, kwa maana ya funguo hasa, alikuwa mmoja. Maisha yake yanafaa kusomwa pamoja na kanuni za fizikia.

Jina lake ni Edgar Sengier. Alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1879 mjini Kortrijk, nchini Ubelgiji. Alisomea uhandisi wa migodi katika Chuo Kikuu cha Leuven na kuhitimu mwaka 1903. Mwaka 1911 alijiunga na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, ambayo ilikuwa imeundwa mwaka 1906 kwa ajili ya kuchimba shaba kusini-mashariki mwa Kongo. Nchi ile ilikuwa imetoka tu mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili, aliyeimiliki kama shamba lake binafsi hadi mwaka 1908, ikaingia mikononi mwa serikali ya Ubelgiji. Kwa mchimba madini wa Katanga, mabadiliko hayo ya mwenye mali hayakuwa na tofauti kubwa.

Kampuni ilihitaji mikono, na mikono haikutosha mahali pale. Ikaenda kuajiri Rhodesia Kaskazini, Kasai, na hata Rwanda na Urundi. Watu wa makabila hayo yote walipokutanishwa katika kambi za kampuni walihitaji lugha moja, nayo ikawa Kiswahili, ambacho kilikuwa kimekwisha kutangulia huko kwa njia ya misafara ya biashara na kikakubaliwa na wasimamizi wa Kizungu. Hivyo ndivyo Kiswahili cha Lubumbashi kilivyopata nguvu, mji uliokuwa ukiitwa Elisabethville zamani hizo. Mtu wa Mombasa akikisikia leo atatabasamu kwa namna ngeli zinavyopinduliwa, lakini ataelewa.

Mwaka 1915 Mwingereza mmoja mtafuta madini, Robert Rich Sharp, aliyekuwa akifanya kazi katika eneo hilo, aligundua mawe mazito yenye rangi za kupendeza mahali paitwapo Shinkolobwe, karibu na mji wa Likasi. Mawe hayo yalikuwa na uraniamu. Wakati huo hakuna aliyeithamini uraniamu yenyewe. Kilichotafutwa kilikuwa radiamu, kitu adimu kinachopatikana kwa kiasi kidogo mno ndani ya mbale ya uraniamu, na ambacho matabibu walikitumia kutibu saratani. Gramu moja ya radiamu iliuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Uchimbaji ulianza mwaka 1921, na mwaka uliofuata Wabelgiji wakafungua kiwanda mjini Olen cha kuichuja radiamu ya Katanga. Bei ya dunia ikaporomoka, na washindani wao wa Marekani, waliokuwa na mbale hafifu, wakafunga milango.

Unono wa mawe ya Shinkolobwe unastahili kuelezwa kwa tarakimu. Katika migodi mingi ya uraniamu duniani, mchimbaji hufurahi akipata mbale ambayo sehemu moja katika mia ni uraniamu. Mara nyingi hupata chini ya hapo. Shinkolobwe palipatikana vipande ambavyo zaidi ya nusu ya uzito wake ilikuwa oksidi ya uraniamu, hata kufikia asilimia 65. Hapajapata kuonekana mgodi mwingine wa aina hiyo. Wafanyakazi waliyachambua mawe hayo kwa mikono. Uraniamu iliyobaki baada ya radiamu kutolewa ilikuwa kama makapi. Kidogo kiliuzwa kwa watengenezaji wa vyombo vya udongo na vioo, waliokitumia kutia rangi. Mwaka 1937, akiba ilipokuwa imezidi mahitaji, mgodi ulifungwa, na maji yakaujaza.

Ndipo yakatokea mambo ya Berlin. Mwezi Desemba mwaka 1938 wanakemia wawili wa Kijerumani, Otto Hahn na Fritz Strassmann, waliipiga uraniamu kwa nyutroni, wakakuta bariamu katika mabaki. Hawakuweza kuamini macho yao, kwa kuwa bariamu ina uzito wa karibu nusu ya uraniamu. Mwenzao wa miaka mingi, mwanafizikia Lise Meitner, alikuwa amekwisha kuikimbia Ujerumani kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Akiwa uhamishoni Sweden, yeye na mpwa wake Otto Frisch walikaa na karatasi wakafanya hesabu, wakaeleza kilichotokea: kiini cha uraniamu kilikuwa kimepasuka vipande viwili.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa ajili ya wanafunzi. Kiini cha atomu kimeundwa kwa protoni na nyutroni zilizoshikamana. Si viini vyote vinavyoshikamana kwa nguvu sawa. Vilivyoshikamana barabara kuliko vyote ni vile vya katikati, vya chuma na jamii yake. Vyepesi kama haidrojeni havijashikamana sana, na vizito kama uraniamu vimelegea kwa sababu protoni zake ni nyingi na zinasukumana. Kwa hiyo, safari yoyote inayoelekea upande wa chuma, iwe ya kizito kupasuka au ya vyepesi kuungana, huacha nishati njiani. Ukipima mwanzo na mwisho, utakuta uzito kidogo umepotea. Uraniamu inapopasuka, kilichopotea ni kama sehemu moja katika elfu. Haidrojeni inapoungana hadi ikawa heliamu, kinachopotea ni kama sehemu saba katika elfu. Upungufu huo ndio uliogeuka nishati, kwa ile kanuni ya Albert Einstein ya mwaka 1905 ambayo kila mwanafunzi huijua kwa moyo hata asipojua maana yake.

Mpasuko una jambo moja la zaidi, na ndilo lililotia hofu. Kiini cha uraniamu kikipasuka hutoa nyutroni mbili au tatu. Kila nyutroni yaweza kupasua kiini kingine, nacho kikatoa nyingine, mfano wa moto unaorukia paa za makuti, nyumba hata nyumba. Huo ndio mfuatano usiokatika. Ukizuiwa kwa vifyonza-nyutroni, hutoa joto la taratibu la kuchemsha maji na kuzungusha mitambo ya umeme. Usipozuiwa, ni bomu. Kilo moja ya uraniamu ya aina inayofaa, ikipasuka yote, hutoa joto linaloshinda la tani 2,000 za makaa ya mawe.

Waliokuwa na elimu hiyo waliuliza swali moja mara moja: uraniamu iko wapi, na ni ya nani? Mwezi Mei mwaka 1939 Sengier, ambaye sasa alikuwa kiongozi mkuu wa Union Minière, alikutana mjini London na Sir Henry Tizard, mshauri wa serikali ya Uingereza katika mambo ya sayansi. Waingereza walitaka wapewe haki ya kununua mbale yake yote. Sengier hakukubali. Lakini walipokuwa wakiagana, Tizard alimwonya kwamba kitu alichokishika mikononi kingeweza kuwa maangamizi kwa nchi zao zote mbili kikiangukia kwa adui. Siku chache baadaye wanasayansi wa Kifaransa wakiongozwa na Frédéric Joliot-Curie walimwendea kwa habari iyo hiyo, nao walifikiri hata kufanya jaribio katika jangwa la Sahara. Vita vikawakatiza.

Mfanyabiashara huyu hakuwa mwanafizikia, lakini alielewa. Mwezi Oktoba 1939 alihamia New York ili aiendeshe kampuni kutoka huko iwapo Ubelgiji ingetekwa. Mei 1940 ikatekwa kweli, na akiba kubwa ya uraniamu iliyokuwa Ubelgiji ikaanguka mikononi mwa Wajerumani. Sengier hakungoja amri ya serikali yoyote. Aliagiza kwamba mbale bora iliyokuwa juu ya ardhi huko Katanga ipelekwe Marekani kwa siri. Ilisafirishwa kwa reli hadi bandari ya Lobito, Angola, ikapakiwa melini. Hivyo tani zipatazo 1,200, ndani ya mapipa ya chuma, zikafika Staten Island, katika mji wa New York, zikawekwa ghalani. Humo zilikaa karibu miaka miwili. Sengier alijaribu kuwaarifu maafisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani mapema mwaka 1942; wao walishughulika zaidi na kobalti ya Katanga, na habari ya uraniamu wakaipita.

Ni rahisi kumsifu kwa busara hiyo, na wengi wamemsifu. Hata hivyo, wakati mapipa yale yakiwa yametulia Staten Island, mambo mengine yalikuwa yakitendeka upande wa pili wa kampuni iyo hiyo. Vita vilikuwa vimepandisha bei za vyakula na nguo Katanga, nayo mishahara ya Waafrika ikabaki chini. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Mjini Elisabethville waliambiwa wakusanyike katika uwanja wa mpira ili madai yao yasikilizwe. Askari waliwafyatulia risasi. Makumi ya watu walikufa, akiwamo msemaji wao, Léonard Mpoyi. Wasimulizi wa maisha ya Sengier wengi hawalitaji tukio hili katika kurasa za habari zake, kana kwamba kampuni ilikuwa na mkuu mmoja wa mawe na mwingine wa watu.

Tarehe 18 Septemba 1942 afisa wa jeshi la Marekani, Kanali Kenneth Nichols, aliingia katika ofisi ya Sengier mjini New York. Alikuwa ametumwa na wakuu wa mradi wa siri wa kuunda bomu la atomu, nao walikuwa wakiitafuta uraniamu kwa udi na uambi. Inasimuliwa kwamba Sengier alitaka kwanza kuona hati za mgeni, kisha akataka kujua kama amekuja kwa maneno au kwa biashara. Alipoeleza kwamba mbale iko pale pale mjini, ng'ambo ya maji, Kanali alistaajabu. Mazungumzo hayakuchukua zaidi ya saa moja hivi. Walipoachana, masharti yalikuwa yameandikwa kwa mkono katika kipande cha karatasi ya manjano: zile tani 1,200 za ghalani, pamoja na tani kama 3,000 zilizokuwa Katanga juu ya ardhi.

Wahandisi wa jeshi la Marekani wakaenda Kongo. Mgodi ulikaushwa na kufunguliwa upya, viwanja vya ndege vikapanuliwa, reli na bandari ya Matadi zikatumika. Jina la Shinkolobwe likafutwa katika mazungumzo, hata likawa kama halipo katika ramani. Wachimbaji waliendelea kubeba na kuchambua bila kuambiwa wanachochimba ni cha nini. Inakadiriwa kwamba thuluthi mbili za uraniamu yote iliyotumiwa na mradi ule zilitoka Kongo.

Kulikuwa na kazi kubwa iliyobaki, na hapa tena fizikia inatupasa. Katika uraniamu ya asili, atomu kama 993 katika kila 1,000 ni za aina ya 238, ambayo haifai kwa mfuatano wa haraka. Saba tu ni za aina ya 235. Kuzitenga saba hizo, ambazo kwa kemia hazina tofauti na nduguze, kulihitaji viwanda vya ukubwa wa mji, jimboni Tennessee. Njia ya pili ilikuwa kuiacha aina ya 238 imeze nyutroni ndani ya kinu hata igeuke plutoniamu. Bomu la Hiroshima la tarehe 6 Agosti 1945 lilibeba kilo 64 hivi za uraniamu iliyotengwa. Kati ya hizo, iliyopasuka kweli haikufika kilo moja. Ilitosha kuufuta mji. Lile la Nagasaki, siku tatu baadaye, lilikuwa la plutoniamu.

Je, muungano nao? Watu wengi, hata waliosoma, hudhani kwamba bomu la Hiroshima lilikuwa kipande cha jua. Hilo ni kosa. Jua halina haja ya uraniamu. Linaunganisha haidrojeni kuwa heliamu, kiasi cha tani milioni 600 kwa kila sekunde, na katika hizo tani kama milioni nne hugeuka nishati tupu. Limefanya hivyo kwa miaka zaidi ya bilioni nne. Lakini protoni mbili zinachukiana kwa umeme wake, na kuzikutanisha kunahitaji joto la kupindukia. Katikati ya jua ni nyuzi milioni 15, na uzito wa jua lenyewe husaidia kuzikandamiza. Sisi duniani, kwa kukosa uzito huo, hutakiwa kupasha hadi nyuzi zaidi ya milioni 100, na hakuna chombo cha udongo wala cha chuma kitakachopakata kitu cha moto namna hiyo. Hufungwa kwa nguvu za sumaku, au hubanwa ghafula kwa miale ya leza kutoka pande zote.

Kuni zake ndizo zinazonivutia. Muungano ulio rahisi kuliko mwingine ni wa deuteriamu na tritiamu, ambazo ni haidrojeni zenye nyutroni za ziada. Tritiamu ni adimu; huisha nusu yake kila baada ya miaka 12 na ushei, na hulazimika kutengenezwa kutokana na lithiamu. Deuteriamu ni jambo jingine. Imo katika maji ya bahari, gramu kama 33 katika kila meta moja ya ujazo. Hapa Kibarani, ambapo barabara inavuka kutoka kisiwani kwenda bara, maji hupita tena chini ya Daraja la Makupa tangu mwaka 2022, baada ya kuzibwa na tuta kwa miongo mingi. Kila bamvua linapoingia, kuni za nyota hupita pale mbele ya wavuvi, na hakuna kampuni iliyopewa hati ya kuzimiliki. Huwezi kuwa Sengier wa deuteriamu. Kwa upande wa lithiamu, hata hivyo, nadhani waweza, na kina Sengier wapya wamekwisha kuanza kupiga hodi katika nchi zetu.

Kwa uzito, kuni za muungano hutoa nishati mara nne hivi ya zile za mpasuko. Isitoshe, muungano hauna mfuatano wa kukimbia. Kilichomo ndani ya chombo ni kidogo mno, na hitilafu yoyote hupoza moto wenyewe. Majivu yake ni heliamu, gesi isiyodhuru. Tusidanganyane lakini: nyutroni zinazotoka huzipiga kuta za chombo na kuzifanya nazo zitoe mnururisho kwa miongo kadhaa, na tritiamu ni gesi inayopenda kupenya. Mabaki ya mpasuko ni mazito zaidi kwa mbali. Plutoniamu iliyomo hupungua nusu kwa miaka 24,000, na hata kinu kikishazimwa mabaki huendelea kuchemka na lazima yapozwe. Hilo ndilo lililoshindikana Fukushima, Japani, mwaka 2011, mawimbi ya bahari yalipozima mitambo ya kupoza.

Upungufu mkubwa wa muungano ni kwamba bado hautoi umeme. Binadamu aliweza kuufanya kwa uharibifu kabla ya kuuweza kwa manufaa: tarehe 1 Novemba 1952 Wamarekani walilipua bomu la haidrojeni huko Enewetak, katika Bahari ya Pasifiki, na kiberiti chake kilikuwa bomu la mpasuko. Kwa amani, safari imekuwa ndefu. Mitambo ya JET nchini Uingereza, kabla haijafungwa mwishoni mwa mwaka 2023, ilitoa megajuli 69 kwa sekunde chache. Tarehe 5 Desemba 2022, maabara moja ya California ilielekeza leza za megajuli 2.05 kwenye punje ya haidrojeni, ikapata megajuli 3.15. Magazeti yalishangilia. Yaliyosahau kusema ni kwamba ili kuziwasha leza zile zilivutwa megajuli kama 300 kutoka katika gridi. Mpasuko, kwa upande wake, umekuwa ukiwasha taa za watu tangu mwaka 1954, na hapa Afrika kituo cha Koeberg, karibu na Cape Town, kimefanya kazi tangu 1984.

Basi anayetaka umeme wa nyuklia leo hana uchaguzi. Atachukua mpasuko pamoja na mabaki yake. Ndiyo maana Uyombo, katika Kaunti ya Kilifi, ulipotajwa kuwa mahali panapofaa kujengwa kituo cha kwanza cha Kenya, wavuvi na wakulima wa huko walipinga, na mwaka 2024 wakakabiliana na polisi. Mwaka 2025 macho ya wakubwa yalielekea zaidi upande wa Siaya, kando ya Ziwa Viktoria. Sisemi kwamba kila kipingwacho ni kibaya. Mitambo ya Kipevu, ambayo kutoka Kibarani haiko mbali, imechoma mafuta mazito miaka nenda miaka rudi, na moshi wake nao huingia mapafuni. Ila Kibarani panajua jambo ambalo halimo katika ripoti za wataalamu. Kwa miongo kadhaa taka za Mombasa nzima zilimwagwa hapa, ukingoni mwa bahari, hadi jaa lilipofungwa na pahali pakaanza kupandwa miti. Mkazi aliyeishi na uvundo wa kisiwa kizima anajua kuuliza taka zitakaa wapi, na kwa muda gani, kabla hajauliza taa zitawaka lini. Mwanafunzi anayeweza kueleza miaka 24,000 ni nini katika kikao cha baraza amefaidika na somo la fizikia kuliko aliyepata alama zote.

Turudi kwa Bwana Sengier. Vita vilipokwisha, alituzwa. Mwaka 1946 Jenerali Leslie Groves, mkuu wa mradi wa bomu, alimvisha Nishani ya Ustahiki ya Marekani, heshima ambayo wageni wachache sana walikuwa wameipata. Sherehe ilifanyika ofisini, kimya kimya, kwa kuwa mgodi bado ulikuwa siri. Mwaka 1949 madini mapya ya rangi ya kijani, yenye shaba, vanadi na uraniamu, yaliyopatikana Katanga, yakapewa jina la sengieriti kwa heshima yake. Mwaka huo huo aliacha uongozi wa kila siku, ingawa alibaki katika halmashauri hadi 1960. Kampuni iliendelea kuwauzia Wamarekani uraniamu katika miaka ambayo mabomu yao yaliongezeka kutoka machache hadi maelfu.

Kongo ilipata nini? Ilipata kinu kidogo cha utafiti katika Chuo Kikuu cha Lovanium, mjini Léopoldville, kilichowashwa mwaka 1959, cha kwanza cha aina hiyo barani Afrika. Kwa wanafunzi wa Kikongo wa wakati huo kilikuwa fahari ya kweli, na sitaki kukidharau. Mwaka uliofuata nchi ilipata uhuru. Kabla ya bendera kupandishwa, mashimo ya Shinkolobwe yalifungwa kwa saruji na mitambo ikaondolewa. Siku kumi na moja baada ya uhuru Katanga ilitangaza kujitenga, na Union Minière ikailipa serikali ya Moïse Tshombe kodi iliyokuwa haki ya serikali ya Kongo. Mapema mwaka 1961 Patrice Lumumba aliuawa katika ardhi hiyo hiyo ya Katanga.

Sengier alifariki tarehe 26 Julai 1963 mjini Cannes, pwani ya Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 83. Hakuacha kitabu cha kumbukumbu za maisha yake. Alikuwa mtu wa kufunga mdomo, na tabia hiyo ilimfaa yeye na waliomwajiri.

Saruji ya Shinkolobwe haikuwazuia watu. Uchumi wa nchi ulipovunjika, wachimbaji wadogo walirejea kwa maelfu na sururu na makarai, wakakaa kando ya mashimo, wakafungua vibanda na kuzaa watoto. Mapema mwaka 2004 serikali ilipiga marufuku uchimbaji wowote mahali pale, na mwezi Julai mwaka huo huo sehemu ya mgodi ikaporomoka na kuwaua wachimbaji kadhaa. Hawakuwa wakitafuta uraniamu. Walikuwa wakitafuta kobalti.